Mzinga wa Baharini Uliofika Kigoma

Mwaka 1915 mzinga mmoja ulipakiwa kwenye treni Dar es Salaam, ukapita Morogoro, Dodoma na Tabora, ukashushwa Kigoma. Ulikuwa mzinga wa manowari, mdomo wake una upana wa milimita 105, na ulikuwa umetengenezwa kwa ajili ya vita vya bahari kuu. Mafundi wakaufunga kwenye sitaha ya meli mpya iliyokuwa ikielea bandarini, na siku hiyo Ziwa Tanganyika likapata bwana.

Nawasimulia habari hii ninyi watoto wa Murungu, mnaokaa huku juu kati ya Kibondo na Kasulu, kwa sababu najua wengi wenu hamjaiona bahari. Kwa barabara iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwenu. Lakini maji hayajali umbali. Mto Malagarasi unaoyakusanya maji ya milima yenu unazunguka mabonde na mabwawa mpaka unamwaga Ziwa Tanganyika. Maji ya ziwa nayo yanatoka upande wa Kongo kwa Mto Lukuga, Lukuga unaingia kwenye mto mkubwa wa Kongo, na Kongo unaishia Bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo mtu akiuliza nani analinda bahari, na wamegawana vipi kuilinda, msidhani hilo ni swali la watoto wa Mtwara na Tanga peke yao. Kisa cha ule mzinga kitawaonyesha.

Turudi nyuma mwaka mmoja. Mwaka 1914 taifa lililokuwa na manowari nyingi kuliko yote lilikuwa Uingereza. Hata hivyo bahari ni kubwa mno. Hakuna taifa lenye meli za kutosha kusimama kila mahali. Waingereza walifanya kama wanakijiji wenu wanavyofanya mahindi yanapokaribia kukomaa na nyani wakaanza kushuka kutoka msituni: huyu analinda upande wa mto, yule upande wa kichaka, na kila mmoja anajua kelele zikisikika upande wake, yeye ndiye wa kukimbia kwanza. Waliigawa bahari yote ya dunia katika kanda. Kila kanda ilikuwa na admirali wake, manowari zake, na bandari yake ya kujaza makaa ya mawe na kufanyia matengenezo.

Pwani yetu ilikuwa chini ya kanda ya Rasi ya Tumaini Jema, yenye makao Simon's Town, karibu na Cape Town. Tazameni ramani. Toka ncha ya kusini ya Afrika mpaka Zanzibar ni mwendo wa siku nyingi kwa meli. Kwa eneo lote hilo Admirali Herbert King-Hall alikuwa na manowari tatu za zamani: Hyacinth, Astraea na Pegasus. Wajerumani waliokuwa wakiitawala Tanganyika walikuwa na moja tu, Königsberg, lakini ilikuwa mpya kuliko hizo na yenye mbio. Mwisho wa Julai 1914, vita kati ya Waingereza na Wajerumani ikinukia, Königsberg ilitoka Dar es Salaam, na zile tatu zilipojaribu kuifuata iliziacha nyuma ikapotelea gizani. Siku chache baadaye iliikamata meli ya Kiingereza City of Winchester, iliyojaa chai, karibu na pwani ya Oman.

Hapa ndipo mnapoona ugumu wa kugawana bahari. Ukipewa eneo kubwa na meli chache, kuna siku meli yako moja itabaki peke yake. Alfajiri ya Septemba 20, 1914, Pegasus ilikuwa imetia nanga Zanzibar ikirekebisha mitambo, moto wa boila umezimwa. Königsberg ikatokea kwenye upeo wa macho, ikasimama mbali, mahali ambapo mizinga ya Pegasus haifiki, ikapiga. Asubuhi hiyo hiyo Pegasus ilikuwa imekwisha. Makaburi ya mabaharia wake yako mpaka leo kwenye kisiwa cha Chapwani, mbele ya Mji Mkongwe.

London wakaelewa kwamba mstari waliouchora kati ya kanda na kanda hauna maana kama adui yuko upande mmoja na meli zinazoweza kumkamata ziko upande mwingine. Wakazitoa manowari za mbio, Chatham, Dartmouth na Weymouth, kwenye kazi nyingine, wakazileta pwani yetu. Tarehe 30 Oktoba Chatham iliigundua Königsberg imejificha ndani ya mikoko ya delta ya Mto Rufiji. Maji ya mle ni mafupi, manowari kubwa haziwezi kuingia. Ikabidi ziletwe meli mbili zenye tumbo bapa, Severn na Mersey, zikikokotwa kutoka Malta kupitia Mfereji wa Suez. Julai 11, 1915, Königsberg ikaangamizwa.

Meli ilikufa, mizinga haikufa. Wajerumani waliitoa yote kumi, wakaikokota kutoka kwenye matope ya Rufiji mpaka Dar es Salaam. Naomba msisome sentensi hiyo haraka. Mzinga mmoja una uzito wa kumshinda fahali, na waliovuta kamba walikuwa watu wa pwani na wa bara, watu wa rangi yetu, ambao vitabu vingi vya vita ile havikuandika majina yao. Mzinga mmoja kati ya hiyo kumi ndio uliopanda treni kuja Kigoma.

Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mapema mwaka 1914, na kwa reli hiyo Wajerumani walikuwa wameshasafirisha kitu cha ajabu zaidi: meli nzima, ikiwa vipande vipande. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungwa kwenye makasha yapatayo elfu tano, ikaletwa Dar es Salaam, kisha Kigoma. Mafundi watatu kutoka Papenburg waliiunga tena pamoja na vibarua wengi wa Kiafrika na mafundi wa Kihindi. Iliteremshwa majini Februari 5, 1915. Jina lake lilikuwa Graf von Götzen, urefu wake kama mita sabini. Pamoja na meli ndogo mbili, Hedwig von Wissmann na Kingani, iliwapa Wajerumani ziwa lote. Meli ya Wabelgiji upande wa Kongo, Alexandre Del Commune, ilikuwa imeshapigwa tangu Agosti 1914. Götzen iliweza kuwahamisha mamia ya askari kutoka Kigoma mpaka Kasanga, kusini kabisa, kabla adui hajajua wamekwenda wapi. Mwenye meli ndiye aliyeamua nani avuke na nani asivuke. Mvuvi wa Ujiji au wa Uvira hakuulizwa.

Ziwa Tanganyika halikuwa kwenye kanda ya admirali yeyote. Hakuna njia ya meli ya baharini kulifikia. Kwa hiyo Waingereza walifanya kama Wajerumani: wakaleta meli kwa nchi kavu. Zilikuwa boti mbili tu za injini, kila moja urefu wa mita kumi na mbili hivi, zikaitwa Mimi na Toutou. Kamanda alikuwa Geoffrey Spicer-Simson, akiwa na watu wasiofika thelathini. Zilitoka London Juni 1915, zikashuka Cape Town, zikapanda treni mpaka kusini mwa Kongo, halafu reli ikaisha. Kuanzia hapo zilivutwa na injini za mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, kwenye njia na madaraja yaliyojengwa na mamia ya wanakijiji wa Kongo. Mwisho wa Oktoba zikafika Lukuga, ng'ambo ya ziwa.

Desemba 26, 1915, ziliikamata Kingani. Februari 9, 1916, Hedwig ikazamishwa. Götzen yenyewe hazikuthubutu kuikabili. Iliuawa na vita ya nchi kavu: jeshi la Wabelgiji lilikuwa likishuka kupitia Rwanda na Burundi, ndege zao zikaipiga bandari ya Kigoma, na ule mzinga wa Königsberg ulikuwa umeshang'olewa ukatumike mahali pengine, pamewekwa mzinga wa mti wa kutishia. Julai 26, 1916, Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe karibu na Kigoma. Lakini wale mafundi waliopenda kazi yao waliipaka mitambo grisi nene kwanza. Waingereza walipoitoa majini mwaka 1924, miaka minane baadaye, iliweza kutengenezwa. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina mnalolijua: MV Liemba.

Sasa nawauliza: ziwa ni la nani leo? Nchi nne zimeligawana. Kongo ina kama asilimia 45, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Kati yetu na Kongo mstari unapita katikati ya maji. Hakuna boya, hakuna uzio. Mvuvi anajua amevuka kwa kutazama milima, au kwa GPS ya simu yake, au kwa kusimamishwa.

Mei 2015 mstari wetu na Burundi ulijaribiwa. Watu walikimbia machafuko Burundi kwa makumi ya maelfu wakajazana kijiji cha Kagunga, kwenye ukanda mwembamba wa ufukwe chini ya mlima, pasipofikika kwa gari. Kipindupindu kikaingia. Liemba, meli ile ile iliyowahi kubeba mzinga, ndiyo iliyowabeba kuwaleta Kigoma, mia kadhaa kila safari, kabla ya wengi wao kupelekwa kambi ya Nyarugusu huko Kasulu. Naamini kuna anayesoma hapa ambaye mama yake alikuwa kwenye sitaha hiyo. Watu wale walikuwa upande wetu wa mstari, kwa hiyo kuwaendea ilikuwa kazi yetu. Mpaka wa majini, kwa macho yangu, kazi yake kubwa ni hiyo: kujua mapema nani lazima aondoke bandarini mtu akipiga yowe.

Baharini wamekubaliana hivyo hivyo, ila kwa vipimo. Mwaka 1982 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, na Tanzania ikauridhia mwaka 1985. Baharini wanahesabu kwa maili ya baharini, ambayo ni mita 1,852. Kutoka pwani hadi maili 12, bahari ni nchi: sheria za Tanzania zinatawala pale kama zinavyotawala Kibondo, ingawa meli za wageni zinaruhusiwa kupita kwa amani. Hadi maili 24 nchi inaweza kuwasimamisha wenye magendo wanaoelekea kwake. Hadi maili 200, karibu kilomita 370, samaki na gesi ya chini ni vyetu, lakini meli yoyote duniani ina haki ya kupita. Baada ya hapo ni bahari ya wote.

Eneo la Tanzania lote hilo hulindwa kwanza na Kamandi ya Wanamaji ya JWTZ, ambayo makao yake yako Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam. Polisi Wanamaji wapo karibu na ufukwe. Zanzibar kuna Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, inayotoa leseni kwa meli za kuvua jodari. Majirani wakigombana kuhusu mstari upite wapi, wanaweza kwenda mahakamani, kama Somalia ilivyoipeleka Kenya kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, hukumu ikatolewa Oktoba 12, 2021. Kenya haikuikubali hukumu hiyo.

Na ile bahari ya wote? Hapo ndipo mataifa makubwa bado yanagawana kanda kama Waingereza wa zamani. Marekani imevipa namba vikosi vyake vya meli. Utaratibu ulianza mwaka 1943: vya Pasifiki vikapewa namba witiri na vya Atlantiki namba shufwa. Kikosi cha Saba kiko Yokosuka, Japani, na eneo lake linaanzia mstari wa tarehe katikati ya Pasifiki mpaka usawa wa mpaka wa India na Pakistan. Kikosi cha Tano kiko Bahrain na kinashika Ghuba, Bahari ya Arabu na Bahari ya Shamu. Kikosi cha Sita kiko Napoli, Italia. Mistari hiyo ni ya Marekani kwa Marekani. Inamwambia nahodha wa Kimarekani bosi wake ni nani akiwa hapo. Haimpi haki ya kumkataza mvuvi wa Lamu kutandaza nyavu. Watu wengi wazima hulichanganya jambo hili, wakiona ramani ya vikosi hivyo wanadhani bahari imeuzwa.

Lakini hata taifa lenye meli nyingi hushindwa peke yake. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli Faina ikija Mombasa na vifaru 33 ndani yake. Mwaka uliofuata waliteka meli nyingi. Basi zikaja manowari kutoka kila upande: Umoja wa Ulaya ulianzisha operesheni yake ya Atalanta Desemba 2008, mataifa mengine yalijiunga chini ya vikosi kazi vya pamoja vyenye kamandi Bahrain, namba 150 kwa doria ya jumla na namba 151, kilichoundwa Januari 2009, kwa maharamia peke yao. Ukamanda huzunguka: miezi michache Mpakistani, kisha mwingine. India, China na Urusi zilileta meli zao bila kuingia chini ya amri ya mtu. Mngedhani zitagongana. Badala yake maofisa wao walikuwa wakikutana Bahrain na kupeana habari: meli yangu iko hapa, ya kwako iko wapi? Katika Ghuba ya Aden walichora njia moja ya meli za mizigo, wakaigawa vipande, na kila manowari ikasimama kwenye kipande chake.

Maharamia walipobanwa kaskazini walishuka kusini, mpaka maji yetu. Ndipo Februari 2012 Tanzania, Msumbiji na Afrika Kusini zilipotia sahihi makubaliano ya kufanya doria pamoja katika mlango wa bahari wa Msumbiji na kaskazini yake. Tayari mwaka 2009 nchi za ukanda huu zilikuwa zimekubaliana Djibouti kupeana taarifa za maharamia, na vituo vya kupokea taarifa hizo vikawekwa Sana'a, Mombasa na Dar es Salaam. Mimi vituo hivyo navipenda kuliko manowari. Chumba, redio, simu, ramani ukutani, na mtu wa zamu asiyelala. Kuna kanda nyingine kabisa za bahari, za uokoaji, ambazo hazihusiani na vita wala samaki: chombo kikizama ndani ya kanda ya Dar es Salaam, ni zamu ya Dar es Salaam kutafuta, hata kama waliozama ni raia wa nchi nyingine.

Sasa turudi ziwani, maana kuna jambo linalofanya ziwa letu liwe gumu kulilinda kuliko bahari. Sheria ya bahari inampa mlinzi haki ya kumfukuza mhalifu. Ikiwa boti ya doria ya Tanzania imemkuta mwizi wa samaki ndani ya maji yetu na ikaanza kumkimbiza, inaweza kuendelea kumfukuza hata kwenye bahari ya wote, mradi isikatishe mbio hizo katikati. Itaacha tu mwizi akiingia maili 12 za nchi nyingine. Baharini, kwa hiyo, mwizi ana mahali pengi pa kukamatiwa.

Ziwa Tanganyika halina bahari ya wote. Kila tone lina nchi yake. Mwenye nyavu haramu akiwa nje ya Kigoma usiku, taa zake zikiwaka juu ya dagaa, akivuka ule mstari wa katikati basi boti yetu lazima isimame. Nayo migebuka mnayoila Kasulu haisimami. Inavuka kwenda Kongo na kurudi ikifuata dagaa. Nchi moja ikilinda sana na jirani yake asilinde, samaki wanaokuzwa huku wanavuliwa kule.

Ndiyo maana nchi nne zilitia sahihi Dar es Salaam mwaka 2003 mkataba wa kulitunza ziwa pamoja, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ikawekwa Bujumbura. Na ndiyo maana mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, Tanzania ililifunga ziwa kwa wavuvi ili samaki wazaliane, kwa kufuata makubaliano na majirani. Mliohisi dagaa wamepanda bei sokoni miezi ile, sababu ilikuwa hiyo. Kwa siku hizo boti za doria zilikuwa na swali moja tu la kuuliza chombo chochote kilichotandaza nyavu, na jibu lilikuwa lile lile upande wowote wa mstari.